Shina Namba Saba

"Nilikichomoa kwa vidole viwili," alisema daktari mpasuaji.

Alikitoa kile chuma kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani kati ya simu na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Kilikuwa kirefu kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake, chembamba chini, kinene juu. Kwa miezi kumi kilikuwa kimechomekwa ndani ya mfupa wa paja la mwanamke mzee, kikibeba uzito wake wote. Sasa kilikuwa kinametameta pale mezani, na dirisha zima lilionekana ndani yake.

"Kwa kawaida huwa natoa jasho," daktari aliendelea. "Mfupa ukishakishika chuma huwa hauachii, mpaka upige nyundo. Hiki kilitoka kama kijiko kwenye uji. Mkamwana wake ni wewe, sivyo? Nimesikia unafanya kazi hukohuko vinakotengenezwa."

"Ndiyo, daktari."

"Basi nieleze. Kwa nini hiki ni laini?"

Mwanamke aliyeulizwa alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na tano kati ya hiyo aliimaliza akikwaruza vyuma vya kuingia miilini mwa watu. Wenzake walimwita Msasa. Jina hilo lilimfuata hadi nyumbani, na mumewe alipokuwa na furaha alimwita hivyohivyo. Alikichukua kile chuma, akakiinamisha kidogo kwenye mwanga. Shingoni kilikuwa na namba: saba. Na mwilini, ukikiinamisha vile tu, vilionekana vimistari vyembamba kuliko unywele, vyote vimelala upande mmoja. Vimelala kushoto.

Chumba kizima cha kumalizia kazi kule kiwandani kilikuwa na mafundi wanane. Anayetumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

"Sijui, daktari," alisema Msasa.

Daktari akamwambia yaliyobaki. Mfupa umesagika kwa ndani, umepata ufa mrefu. Hawezi kuweka chuma kingine mpaka ufa uunge, miezi minne hivi. Baada ya hapo wataona.

"Mtaona nini?"

"Kama kuna mfupa wa kutosha kuwekea kitu."

Msasa aliomba apewe kile chuma. Daktari akaandika barua fupi ya alichokikuta, akaigonga mhuri, akamkabidhi vyote viwili. Msasa alikitia chuma mkobani, akatoka nacho. Njiani alikuwa akikishika mara kwa mara kwa nje ya mkoba kama mtu aliyebeba fedha za watu.

&nbsp;

Mama mkwe alikuwa amehamishiwa sebuleni, kitanda chake kimewekwa karibu na dirisha ili aone watu. Kabla ya miguu kumkataa alikuwa fundi lipu. Miaka thelathini alipanda majukwaa ya mbao na ndoo ya saruji, akipiga lipu nyumba za watu, na wanaume waliomcheka asubuhi walimwomba mwiko jioni. Alikuwa na kibao chake kilichopigiliwa misumari tisa, alichokiita kichana. Lipu ya kwanza ikiwa bado mbichi, alikipitisha kichana mawimbi kwa mawimbi, akarudi kuyakata kwa mawimbi mengine, mpaka ukuta uonekane umepigana na paka. Hapo ndipo alipoweka lipu ya pili, na lipu yake haikuwahi kubanduka.

"Ukuta laini ni mwongo," alikuwa akisema. "Leo unakubali, kesho unatema."

Kutoka kwenye maneno hayo Msasa alipata kazi ya maisha yake. Kiwandani walikuwa wanapuliza mchanga mgumu kwenye mashina ya nyonga, vyuma kama hiki, wakayaosha kwa tindikali, mfupa ukawa unashika nusu na kuacha nusu. Yeye akaomba aruhusiwe kuchora mawimbi ya mama mkwe wake, madogo mno yasiyoonekana kwa jicho, yakikatana, na kila wimbi lina vishimo ambavyo seli za mfupa zinaweza kuingia zikajenga. Walijaribu kwa kondoo. Mfupa ulipanda mle ndani kama magugu. Kwenye kitabu cha bidhaa uso ule ukaandikwa kuwa ni ubunifu wa mkurugenzi, na Msasa akapewa fulana.

Mkurugenzi wafanyakazi walimwita Bwana Kioo. Si kwa sababu alikuwa mzuri. Hakuweza kupita mbele ya kitu kinachong'aa bila kusimama.

"Umekuja nacho?" aliuliza mume wa Msasa alipoingia. Alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo, bado amevaa sare. Alikipokea chuma, akakigeuza. "Mbona kama kijiko cha harusi?"

"Ni kile cha maonyesho."

Dereva aliketi nacho. Maonyesho aliyakumbuka vizuri, maana yeye ndiye aliyeyapeleka makasha. Bwana Kioo alikuwa ameyatazama mashina yenye mawimbi, ya kijivu, yasiyong'aa, akasema yanaonekana kama yameokotwa jalalani, nani atayanunua. Akaamuru kumi na mawili yang'arishwe kwa ajili ya meza. Yaling'arishwa. Wageni wakajiona humo nyuso zao, wakatoa oda. Baada ya maonyesho yalirudi stoo, na oda ilipopungukiwa mashina kumi na mawili, Bwana Kioo akasema yapakiwe, kwani urefu ni uleule na unene ni uleule.

"Lakini hili alitupa bure," dereva alisema polepole. "Alisimama mbele ya kiwanda kizima. Mama wa dereva wetu ni mama yetu. Watu wakapiga makofi. Nikalipakata lile boksi njia nzima, sikutaka hata kuliweka kwenye kiti."

"Alitupa lililomsumbua stoo."

"Nani aliyang'arisha?"

"Chumba chetu," alijibu Msasa, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kwamba aliyeyang'arisha ni yeye, hilo ndilo jambo ambalo halikutoka kinywani mwake. Alikuwa ameuliza siku ya kuyapakia, ni kweli. Alimwambia Bwana Kioo kwamba mashina yale hayafai kwa mtu. Naye akamjibu, "Wewe ni mkono, mama. Wenye vichwa wapo." Akanyamaza, akaendelea na kazi, akatia sahihi yake kwenye kitabu cha chumba. Hakujua lipi litakwenda wapi. Lakini alijua kwamba litakwenda mahali, na mahali hapo patakuwa na mtu.

Mama mkwe aliita kutoka kitandani. "Mnanong'ona nini huko? Mimi mguu ndio mbovu, masikio yangu mazima."

&nbsp;

Baada ya wiki mbili kampuni ilileta kiti cha magurudumu.

Kililetwa kwa magari mawili. La kwanza lilikuwa na kiti, la pili lilikuwa na Bwana Kioo, mpiga picha, na binti wa ofisini mwenye bahasha. Majirani walitoka wakajipanga ukutani. Mama mkwe alikuwa hajaogeshwa, akaomba apewe muda.

"Hapana, mama, hivyohivyo," alisema mpiga picha. "Inapendeza ikiwa ya kawaida."

Wakamnyanyua watu wawili. Alipiga yowe moja fupi, akalimeza. Wakamkalisha, mpiga picha akamwambia atabasamu, kisha akamwambia asitabasamu sana. Bwana Kioo alisimama nyuma ya kiti na mikono yake imeshika vishikio. Viatu vyake vilikuwa safi kuliko sahani za nyumba ile.

"Wameandika nini mgongoni kwangu?" aliuliza mama mkwe alipogundua kwamba picha zote zinapigwa kutoka upande.

"Jina la kampuni, mama," Msasa alijibu.

"Haya. Hata ng'ombe huwa anapigwa chapa ubavuni, ili naye aione."

Majirani walicheka. Bwana Kioo naye alicheka, lakini kwa kuchelewa. Kisha akamvuta dereva pembeni, karibu na mlango, na binti akafungua bahasha. Ilikuwa karatasi moja. Familia inakubali kwamba chuma kilikuwa kizima na kwamba kilichoshindwa ni mfupa wa mgonjwa kwa sababu ya umri.

"Ni utaratibu tu," Bwana Kioo alisema. "Hakuna anayelaumiwa. Wazee mifupa yao imechoka, haishiki tena. Ni kama kugongomea msumari kwenye mkate."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na chumba kilikuwa kidogo. Mama mkwe aligeuza shingo.

"Mfupa huu umebeba saruji miaka thelathini," alisema. "Umepanda ghorofa sita na ndoo mkononi. Unasemaje haushiki?"

"Tunakuombea upone, mama," alisema Bwana Kioo.

Dereva alimtazama mkewe. Mkewe alitikisa kichwa: usithubutu. Akamtazama mama yake. Akaitazama sare yake mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaofanya kazi, na wote wawili walikula kutoka mkono mmoja. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akaibusu ile karatasi kwa kalamu ya binti, na wageni wakaondoka kabla wino haujakauka.

Binti alirudi mbio akikumbuka jambo. Wiki ijayo wanakuja wanunuzi, kamati nzima ya hospitali kubwa. Mkurugenzi angependa mama awepo pale mbele, kwenye kiti chake, kama mfano wa jinsi kampuni inavyowajali watu wake. Gari litatumwa.

"Hakuna haja," dereva alianza kusema.

"Mwambie nitakuja," alisema mama mkwe.

Mlango ulipofungwa Msasa alimgeukia mumewe, na maneno aliyomwambia hayafai kuandikwa. Mama mkwe aliwaacha wamalizane. Kisha akamwita mkamwana wake, akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, yule bwana kanitukana mfupa wangu ndani ya nyumba yangu. Kama angenitukana mimi ningemwachia Mungu. Mfupa siwezi. Una dawa yake?"

"Ninayo," alisema Msasa.

"Itamuuma?"

"Itamuuma."

"Basi mimi nitakuwa sina mengi ya kusema. Wewe nisukume tu pale nilipoambiwa nikae."

Msasa alitaka kumwambia lile jingine hapohapo. Ulimi ulikuja hadi kwenye meno. Lakini mama mkwe alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto, anaupapasa sugu za vidole kwa upendo, akisema mkono huu, mkono huu nilijua siku uliyoolewa kwamba hauna mchezo. Ulimi ukarudi.

&nbsp;

Nyuma ya kiwanda palikuwa na zizi la kondoo sita. Kila kondoo alikuwa na vijiti viwili vya chuma mwilini, kimoja kila mguu wa nyuma. Cha kulia kilikuwa na mawimbi. Cha kushoto kilikuwa laini, cha kulinganishia, ili ionekane mawimbi yanasaidia kiasi gani. Wiki ya kumi na mbili kondoo alichinjwa, mifupa ikafungwa kwenye mashine ya kuvuta, na mshale ukaonyesha ni nguvu kiasi gani mfupa unahimili kabla ya kuachia. Matokeo yote, ya kulia na ya kushoto, yaliandikwa, na Bwana Kioo akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Wageni walionyeshwa ya kulia tu. Mifupa ya kushoto ilitupwa.

Siku moja kabla ya kamati, kondoo wawili walichinjwa. Msasa ndiye aliyeagizwa kuandaa mifupa kwa ajili ya mashine. Aliandaa ya kulia, akaifunga vizuri kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Ya kushoto hakuitupa. Aliifunga vilevile, akaiweka chini kabisa ya jokofu nyuma ya chupa za dawa. Kisha akafungua droo ya kitabu cha chumba, akatafuta ukurasa wa mashina ya maonyesho, akausoma. Hakuuchana. Aliweka ukanda wa karatasi ili apajue, akakirudisha kitabu.

Usiku huo alilala usingizi mzuri, na hilo lilimshangaza.

Wanunuzi walikuwa watano, na mkuu wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliuliza maswali machache na kuandika mengi. Walitembezwa chumba hadi chumba. Katika chumba cha kumalizia mafundi waliambiwa wasimame karibu na mashine zao na wasiongee. Mama mkwe alikuwa amewekwa karibu na mlango, chapa ya kampuni mgongoni, kitenge chake kipya mapajani. Dereva aliyemleta alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

Bwana Kioo alimtambulisha. "Huyu ni mama yetu sote," alisema. "Bahati mbaya mfupa wake ulikuwa umechoka, lakini sisi hatumwachi mtu."

"Pole, mama," alisema mkuu wa kamati.

"Asante. Tuone hiyo mashine," alisema mama mkwe.

Msasa akafunga mfupa wa kwanza wa kulia. Mashine ikaanza kuvuta. Mshale ukapanda, ukapanda, ukafika mahali ambapo wageni waliacha kuandika wakatazama. Kulisikika mlio kama kuni kavu inayovunjika. Kijiti hakikutoka. Mfupa wenyewe ndio uliopasuka, na kijiti kilibaki kimeng'ang'aniwa na kipande chake. Wageni walipiga makofi. Bwana Kioo aliinama kidogo, kama yeye ndiye aliyekuwa kondoo.

"Sasa twende tukapate chai," alisema.

"Bado mmoja," alisema Msasa.

Alikuwa amekwisha kufungua jokofu. Alifungua kitambaa, akafunga mfupa wa kushoto kwenye mashine bila haraka.

"Huo haumo kwenye ratiba," alisema Bwana Kioo. "Mama, huo haumo."

"Hebu tuone," alisema mkuu wa kamati, akavaa miwani.

Msasa aligusa kitufe. Mshale haukupata hata muda wa kuhangaika. Ulitikisika, na kijiti kikatoka, kikavu, safi, hakina hata unga wa mfupa. Msasa alikikamata kabla hakijaanguka, akamkabidhi yule mwanamke kiganjani.

"Huyu ni kondoo yuleyule," alisema. "Mguu wa kushoto. Kijiti hiki ni laini. Hutokea hivi kila mara, na mkurugenzi anajua, sahihi yake ipo kwenye kila jibu."

"Ni cha kulinganishia tu!" alisema Bwana Kioo. "Hatuwezi kumwekea mtu kitu laini. Hakuna mwenye akili anayemwekea mtu kitu laini."

Alikuwa amelisema mwenyewe. Msasa aliacha kila mtu alisikie vizuri. Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti la kazi kile chuma, akakiweka mezani kando ya kijiti. Vyote viwili vilikuwa na mng'ao mmoja. Juu yake akaweka barua ya daktari yenye mhuri.

"Hiki kimetoka wapi?" aliuliza mkuu wa kamati.

Mama mkwe akainua mkono kutoka kwenye kiti, kama mtoto wa shule.

"Kwangu," alisema. "Mimi ndiye kondoo wao wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Shingo ya Bwana Kioo ilianza kutoa jasho, kwanza nyuma, kisha pembeni, kola nyeupe ikageuka rangi. Msasa aliliangalia lile jasho. Lilikuwa tamu. Tusidanganyane: lilikuwa tamu kuliko chochote alichowahi kuonja, na angetamani lisiishe. Alikuwa akiwaza juu ya ile fulana. Alikuwa akiwaza juu ya msumari na mkate.

Lakini Bwana Kioo hakuwa mjinga, na mtu anayezama hushika hata mguu wa mwenzake.

"Muulizeni nani alikipiga msasa!" alisema, sauti imepanda. "Mimi sijashika mashine maisha yangu. Kuna kitabu. Kila kazi ina jina la aliyeifanya. Leteni kitabu!"

"Kipo," alisema Msasa. Alikifungua penye ule ukanda wa karatasi, akasoma kwa sauti ileile aliyotumia kusoma namba. "Mashina kumi na mawili, namba moja hadi kumi na mbili. Yaondolewe mawimbi, yang'arishwe kwa maonyesho. Aliyeamuru, mkurugenzi. Na chini yake, kwa tarehe nyingine, yafungwe yapelekwe hospitali. Aliyeamuru, mkurugenzi." Akaweka kidole kwenye sahihi. "Aliyeng'arisha, mimi."

Hakugeuka kutazama mlangoni. Alisikia tu magurudumu ya kiti yakisogea kidogo, yakisimama.

"Ulijua?" aliuliza mkuu wa kamati.

"Nilijua hayafai. Nilisema mara moja. Nikanyamaza."

"Kumi na mawili," alisema yule mwanamke, anaandika. "Hili ni moja. Kumi na moja yako wapi?"

Bwana Kioo alisema itabidi atafute, kumbukumbu ni nyingi, labda wiki ijayo. Hapo ndipo dereva alipotoa daftari kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, lile la safari zake, limekunjika na kuchafuka mafuta. Alijua kurasa zake. Akayasoma moja baada ya jingine, namba ya boksi, hospitali, siku, na nani alipokea. Alipofika boksi namba saba akasema, "Hili nililipakata," akaendelea na la nane. Alipomaliza, alivua beji ya kampuni kifuani, akatafuta pa kuiweka, akaiweka ndani ya kofia.

&nbsp;

Kiwanda kilifungwa kwa lakiri siku tatu baadaye. Bwana Kioo alichukuliwa na polisi nyumbani kwake akiwa kwenye ndara, na mtaa wake wote uliona. Wagonjwa kumi na mmoja waliitwa. Wanne walikuwa tayari wanachechemea na walikuwa wameambiwa mifupa yao imechoka. Mafundi na wafanyakazi sitini walipoteza kazi ndani ya siku moja, na baadhi yao walimpita Msasa sokoni bila kumsalimu. Yeye mwenyewe alipewa barua ya kwenda kuhojiwa. Aliikunja akaiweka kabatini pamoja na vyeti.

Yote hayo aliyabeba. Asichoweza kukibeba kilikuwa ndani ya nyumba. Tangu siku ile mama mkwe hakumsemesha. Alikula alicholetewa, alimwita mwanawe amgeuze, na Msasa alipoingia sebuleni yule mzee alitazama dirishani mpaka atoke. Siku nne. Dereva alijaribu kusema mama, basi, akaambiwa afunge mdomo, yeye aliyetia sahihi.

Asubuhi ya tano sauti ikaita. "Njoo. Njoo na kile chuma."

Msasa alikwenda nacho, akasimama mbele ya kitanda. Mama mkwe alikichukua, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha hivi na hivi, mpaka akapata anachotafuta.

"Vimelala kushoto," alisema. "Siku ile hospitali uliviona?"

"Niliviona, mama."

"Na nikaushika mkono huu nikausifu. Ukaniacha niusifu."

"Nilitaka kukwambia."

"Nilikufundisha mimi. Kwa kichana changu. Halafu ukachukua kazi yangu ukaifuta, ukanitia kitu laini ndani ya mguu." Hakupaza sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeisema maisha yangu yote, nikidhani inasema juu ya watu wengine."

Msasa alipiga magoti. Kulia alikuwa hawezi, macho yalikuwa makavu na yanawasha. "Nipe adhabu unayotaka, mama. Nikirudi kwetu ndio utaridhika, nitaenda."

"Uende wapi? Ukakae ukijutia kwa raha zako?" Mama mkwe alimrudishia chuma. "Kitundike pale mlangoni, kwenye msumari wa funguo. Kila anayeingia aulize. Kila anayeuliza umjibu wewe."

Msasa alikifunga kamba, akakitundika. Kiligonga ubao mara mbili, kikatulia.

"Bwana Kioo ana serikali ya kumshughulikia. Wewe una mimi," alisema mama mkwe. "Kila asubuhi utaninyanyua wewe. Si mwanangu, si muuguzi. Utanisimamisha, utanishika, nitapiga kelele na hutaniachia. Leo, kesho, mpaka ufa uunge, na wakiniweka kingine, mpaka kishike. Kitanda hadi mlango ni hatua nane. Nimezihesabu. Siku nitakayozitembea peke yangu nikashike kile chuma kwa mkono wangu, siku hiyo nitakusamehe. Usiniombe kabla."

"Na usipotembea, mama?"

"Basi tutazeeka hivi, mimi na wewe." Alitupa kitenge pembeni, akanyoosha mikono. "Haya. Anza na mkono wa kushoto."

Msasa aliinama, akapitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa la mama mkwe wake, kisha wa kulia. Alihisi kucha za yule mzee zikimwingia begani kupitia nguo, zikashika, zikakaza.

"Moja," alisema Msasa. "Mbili."